Bwana Siki, Aliyelea kwa Njaa

Marehemu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kwa jina la Bwana Siki, alizaliwa Jumapili tarehe 21 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya sita wa baba seremala wa madirisha na mama mshonaji. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, na cheti cha shule kinasema ni mwaka 1949, lakini mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyekuwepo kwa karibu zaidi, alishikilia Jumapili hiyo mpaka anaingia kaburini. Alisema mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua, maji yakapanda mpaka kizingitini, na mkunga akaletwa amekaa ndani ya beseni la kufulia, mkononi kashika mwavuli. Shangazi mmoja alizoea kupinga, akidai mkunga alikuja kwa miguu yake tena mkavu kabisa. Shangazi huyo naye ametangulia, kwa hiyo beseni limebaki.

Shule ya msingi aliianza Januari 1956 na kuimaliza Desemba 1963. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho; walimu walimkumbuka kwa maswali. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa kilimo alifundisha kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa majani yake. Marehemu akanyoosha kidole.

“Mwalimu, na kabla haujatoa majani, unakula nini?”

Mwalimu akamwambia akae chini. Akakaa, kisha akauliza tena akiwa amekaa. Alipelekwa kufagia uwanja, na huko uwanjani, kwa maneno yake mwenyewe, alipasua kwa kucha maharage kumi na saba akitafuta jibu. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake kwamba mbegu hufungashiwa chakula cha safari. Mama akamwambia vizuri sana, sasa hayo maharage uliyoyapasua ni ya nani?

Baada ya miaka mitatu ya kumsaidia baba yake kupiga randa, aliingia chuo cha ufundi Januari 1967, fani ya pampu na mabomba, akatoka Novemba 1969 na cheti. Jumatatu tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kwenye mitambo ya kusafisha maji machafu ya mji, ile iliyo nyuma ya ghala la saruji, kazi yake kupaka grisi pampu. Maji ambayo mji mzima huyaaga kwa kuvuta mnyororo wa choo na kuyasahau, yeye ndiye aliyeyapokea.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa mke. Mwaka 1972 alipeleka ovaroli lake kwenye duka la kufua nguo lililotazamana na kituo cha mabasi. Dobi aliyelipokea alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na moja, asiyewahi kukaa darasani hata siku moja, na mwenye sifa ya kutia chumvi kwenye maneno mpaka mboga zinalalamika. Alilishika ovaroli kwa vidole viwili.

“Kaka,” alimwambia, “hili nilifue au nilizike?”

Marehemu alifikiri kwa dhati, kama alivyofikiri kila kitu. “Lifue kwanza. Likishindikana tutalizika.”

Wiki iliyofuata alirudi na ovaroli lile lile, limekunjwa vile vile.

“Hili si nimelifua juzi?”

“Umelifua.”

“Sasa mbona umelirudisha?”

“Nimekuja kukuonyesha kwamba halijachafuka.”

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1973 na kuhamia nyumba nambari 9 katika nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na cha nyuma cha tatu ambacho mlango wake haufungiki mpaka leo. Walijaliwa watoto watatu. Watu waliuliza mtu wa vipimo kama yeye anaelewana vipi na mke ambaye kila kitu anakizidisha mara nne. Hawakuelewana. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili na miezi saba, na haijulikani ni lini waliwahi kuelewana jambo zaidi ya kwamba chai iwe ya moto.

Mwaka 1984, mgongo ulipoanza kumsumbua, alihamishiwa maabara ndogo ya mitambo kama msaidizi: kuosha chupa, kupima tope, kuandika namba. Mwaka 1987 alikuja mtaalamu kijana, mwanamke aliyetoka chuo kikuu na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu, ambaye leo ndiye Mkuu wa Maabara na yuko hapa pamoja nasi. Huyo ndiye aliyemwekea Marehemu jicho kwenye hadubini kwa mara ya kwanza. Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo hakula, akawa anatazama ukuta. Mkewe akajua ameona mwanamke mwingine. Alikuwa ameona bakteria.

Jumapili moja mchana mkewe aliamua yaishe. Alimkalisha kitini jikoni, akashika kiuno, akataka kujua hasa anaenda kufanya nini huko kazini ambako watu wa makamo wanachungulia mirija.

“Ndani ya lile tope,” Marehemu alianza, “kuna bakteria. Wadogo, elfu moja ukiwapanga mstari hawavuki kichwa cha pini.”

“Wana midomo?”

“Hawana.”

“Wanakulaje?”

“Chakula kinapenya kwenye ngozi.”

“Basi hawali hao. Wanalowa.”

Marehemu alikubali kwamba wanalowa. “Sasa sikiliza. Chakula kinaweza kuja kingi kwa mpigo, na huku kitu kingine cha kujengea mwili kimekosekana. Hapo bakteria hawezi kukua. Lakini chakula hakijui hilo, kinaendelea kuingia. Asipokuwa na pa kukiweka kinamkwama, anaanza kukitema nje kama asidi, anajichafulia hapo hapo alipo. Kwa hiyo anakiunganisha. Kipande kwa kipande, mnyororo mrefu, anauviringisha ndani ya mwili kama donge la uzi. Mnyororo wa namna hiyo ndio wanauita polima. Wa hawa wetu ni kama plastiki laini, yenye mafuta mafuta. Wengine wanaweka wa sukari. Njaa ikija, anaukata kipande kimoja kimoja, anaishi nao.”

“Ghala,” mkewe akasema. “Akiba haiozi. Wahenga walilijua hilo bila hadubini.”

“Ningekuwa nimeridhika na ghala. Lakini mtaalamu wetu amepima. Wakati ule ule anapounganisha, pembeni anakata. Anaweka na kutoa kwa pamoja.”

“Kwa pamoja?”

“Dakika hiyo hiyo.”

“Yaani mtu anaingiza gunia mlango wa mbele, analitoa mlango wa nyuma, halafu anasema anaweka akiba?”

“Ndiyo.”

“Huyo ni mgonjwa.”

“Mtaalamu anadhani ndivyo anavyoshika usukani. Milango yote miwili ikiwa wazi, mambo yakibadilika ghafla hana haja ya kuanza kutafuta ufunguo. Chakula kikizidi anaegemea mlango wa mbele, kikipungua anaegemea wa nyuma. Mwendo wa mwili wake wote, kula, kupumua, kukua, unatulizwa hapo kwenye lile donge.”

“Anadhani, au anajua?”

“Anadhani.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimechanganyikiwa,” akasema Marehemu, kwa furaha ambayo mkewe hakuwahi kuiona hata siku ya harusi.

Jumatatu tarehe 13 Agosti 1990 Marehemu na yule mtaalamu walichota tope kutoka bwawa namba mbili, wakalitia kwenye mtungi wa kioo wa lita tano, wakaupa sheria. Kila siku saa moja asubuhi pampu ya hewa inazimwa, tope linatuama, maji ya juu yanamwagwa pamoja na tope kidogo, yanawekwa maji mapya yenye chumvi chumvi zake na kijiko kimoja cha siki, ambayo kwa hao ndiyo pilau na soda. Pampu inawashwa. Baada ya saa moja chakula kimekwisha, na saa ishirini na tatu zinazobaki ni njaa tupu mpaka kesho. Anayejua kuweka haraka anaivuka njaa. Anayejua kula tu na kuzaana hana cha kuvukia, na siku hadi siku anapungua. Hivyo mtungi ukawa wa waweka akiba watupu, mbegu safi ambayo Mkuu wa Maabara aliitolea ripoti nyingi nene, na Marehemu akanuka siki kuanzia hapo mpaka juzi. Ndiko lilikotoka jina.

Kwa karibu miaka ishirini na sita hakuwaruka hata asubuhi moja. Siku mwanawe wa kwanza anaoa, bwana harusi alingoja kwenye gari, baba anangoja tope lituame. Alipostaafu tarehe 31 Machi 2008 alipewa saa ya ukutani na pacha wa mtungi ule, auweke nyumbani kwa tahadhari, kwa kuwa Mkuu wa Maabara alisema hajaona mwingine mwenye subira ya kumnyima mtu chakula kila siku kwa saa ile ile. Pacha huyo aliwekwa chumba cha nyuma, kati ya cherehani na kabati la mashuka, akapumuliwa na pampu ya tangi la samaki inayokoroma kama mjomba aliyeshiba. Wajukuu waliolala humo wamekua wakidhani kila nyumba hukoroma.

Mkewe hakuupenda mtungi. Aliuita “mke mdogo.” Akienda sokoni aliuaga kwa kuubenulia mdomo.

Januari 2016, maabara ilipoanza kukarabatiwa, mtu aliyekuwa akihamisha vyombo aliukuta mtungi wa kazini umekaa sakafuni, akadhani ni maji ya kudekia yaliyosahauliwa, akaumwaga kwenye sinki. Ikabaki mbegu moja tu duniani, ya nyumba nambari 9. Na mitambo ilikuwa inajenga tangi jipya kubwa, la kufunguliwa Jumatatu tarehe 20 Juni mwaka huu, ambalo lilitakiwa kuanzishwa kwa mbegu hiyo.

Wakati huo Marehemu alikuwa tayari anaumwa. Macho yalianza kugeuka manjano Oktoba 2015, nguo zikaanza kumpwaya. Daktari alimweleza kwamba ni ini, na kwamba ini pamoja na kazi zake nyingine ndilo linaloweka sukari ya akiba ya mwili, na lake limeacha kuishika. Mtu mwingine angelia. Marehemu aliuliza ile sukari imeungwa kwa mnyororo wa namna gani, una matawi au umenyooka, na nani anayeukata.

“Mzee,” daktari akasema, “wewe ni mgonjwa au mkaguzi?”

Alilazwa Alhamisi tarehe 7 Aprili 2016, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Asubuhi ya kuondoka alimkabidhi mkewe mtungi. Kwa kuwa mkewe hasomi, alimchorea karatasi: jua linachomoza, kijiko kimoja, halafu misalaba midogo ishirini na mitatu. Akamuuliza kama ameelewa. Mkewe akasema hata kuku angeelewa.

Siku nne aliifuata ile karatasi kama ilivyo. Siku ya tano alitoka hospitali, ambako alikuwa amekaa tangu asubuhi na bakuli la supu mapajani. Marehemu alikuwa ameacha kula. Alifungua mdomo kwa adabu, kijiko kikaingia, supu ikatoka pembeni, na baada ya vijiko vitatu akageuzia uso dirishani akasema, “Nitakula kesho, Mama Watoto.” Mkewe alirudi nyumbani akakaa chumba cha nyuma, pampu inakoroma. Alitazama mtungi, akahesabu saa zilizobaki mpaka kesho asubuhi. Akainuka, akachukua siki, akaongeza kijiko.

Kesho yake aliongeza viwili. Ilipofika wiki ya pili alikuwa anawapa mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kila aliposikia pampu imebadilisha mlio. Tope lilivimba, likawa jepesi kama pamba, likapanda mpaka shingoni mwa mtungi. Alipokwenda hospitali alikuwa na habari njema.

“Wanaendeleaje?” Marehemu aliuliza kila siku.

“Wamenawiri. Mtungi umejaa pomoni.”

“Umejaa? Ukizima pampu wanatuama?”

“Aa, hawataki hata kukaa chini. Kwa raha waliyonayo!”

Marehemu alimtazama kwa muda mrefu. Mkewe akadhani ni dawa.

Alhamisi tarehe 28 Aprili Mkuu wa Maabara alikuja kuikagua mbegu. Alipofika mlangoni mwa chumba cha nyuma alisimama. Alichota tone, akalipaka ile rangi nyeusi yake ambayo hushika kwenye akiba peke yake, akaweka hadubini juu ya cherehani. Alitazama, akasogeza kioo, akatazama tena, midomo yake ikihesabu. Mkewe Marehemu akaomba naye aone, mara ya kwanza katika maisha yake.

“Umeona nini, Mama?”

“Msitu. Msitu mweusi, mnene, unapepea.”

“Hizo ni kope zako.”

Mkuu alimsogeza kichwa taratibu, akamwonyesha. Palikuwa na nyuzi nyuzi ndefu, tupu, na hapa na pale, kwa kubahatisha, kijidude kimoja kifupi chenye madoa meusi ndani kama tumbo la chura.

“Wenye madoa ndio wenye akiba,” Mkuu akasema. “Walikuwa tisini katika mia. Sasa ni watatu. Mama, unawalisha mara ngapi?”

“Mara moja.”

“Mama.”

“Mara moja kila waliponiita.”

Mkuu wa Maabara alikaa kwenye kitanda cha wajukuu. Alieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba chakula kikiwepo kutwa nzima, anayepoteza muda kuweka akiba anapitwa na anayekula na kuzaana tu. Ndiyo maana mtungi umeshiba na wenyewe wamekonda. Mkewe Marehemu alirudia maneno hayo mara mbili, mtungi umeshiba, wenyewe wamekonda, na hayakumwingia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona aliyekonda kwa kulishwa. Lililomwingia ni moja: mbegu ya mumewe imepotea chini ya kijiko chake, na mumewe yuko kitanda cha dirishani hajui.

Ijumaa tarehe 29 alikwenda kumwambia. Alianza na paka.

“Baba Watoto, jana ameingia paka. Paka mkubwa huyo, sijapata kuona, mbuzi anampisha njia. Amepitia dirishani, akaurukia mtungi, akaukumbatia hivi, akanywa...”

Marehemu alisikiliza mpaka paka akaisha. “Paka wa nani?”

“Wa jirani.”

“Jirani anafuga kasuku.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa amesogeza sikio, akajifanya anakunja shuka.

“Niliwalisha,” mkewe akasema. “Mara tano kwa siku. Wamebaki watatu katika mia. Nimekumalizia mbegu yako.”

Kitanda cha Marehemu kikaanza kutikisika, chupa ya dripu ikagonga chuma chake, na muuguzi akaja mbio akidhani ni degedege. Alikuwa anacheka.

“Miaka yote hiyo nilidhani unawaonea wivu.”

“Nilikuwa nawaonea wivu. Lakini wawili wenye njaa kwa wakati mmoja sikuweza.”

Hapo aliacha kucheka. Alimshika mkono, wake ukiwa mwepesi kama jani la mgomba lililokauka.

“Watatu, umesema?”

“Ndivyo alivyohesabu Mkuu.”

“Watatu wanatosha kuanzia. Wape njaa.”

“Siwezi.”

“Utaweza. Kijiko kimoja asubuhi. Halafu toka nyumbani, kamdanganye mtu mpaka jioni.”

“Na wakifa wote? Nikiwaua hata hao watatu?”

Marehemu alifumba macho. Mkewe hajui mpaka leo kama alilala au aliamua kulala. Wala hajui kile kicheko kilikuwa cha kusamehe au cha mtu aliyezidiwa. Amewauliza watoto, amemuuliza muuguzi, amemuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. Kila mmoja ana jibu lake.

Jumamosi tarehe 30 Aprili alianza kuwanyima. Kila asubuhi alizima pampu, akangoja, akamwaga, akatia kijiko kimoja, kisha akajifunga kanga akatoka, maana hakuiamini mikono yake. Wauza duka wa mtaa ule wanakumbuka wiki hiyo. Walisikia habari za ajabu kuliko za mwaka mzima.

Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 9 Mei 2016, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa pembeni yake. Hakuacha neno la mwisho. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe, likafunguliwa, akasema ahsante.

Mchana ule nyumba ilijaa watu. Binti mkubwa alimtafuta mama yake sebuleni na jikoni asimwone, akamkuta chumba cha nyuma amesimama mbele ya mtungi, chupa ya siki mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa.

“Mama, unafanya nini?”

“Sijui.”

“Leo hujawapa?”

“Nimewapa saa moja. Alikuwa bado yuko hai.”

Binti hakumsogelea. Alisimama mlangoni. “Basi wameshakula, Mama.”

“Sikia wanavyokoroma.”

“Hiyo ni pampu.”

“Najua ni pampu.” Mama akasimama hivyo kwa muda, siki ikimpanda puani, macho yakimtoka machozi ambayo mtu angeweza kusema ni ya siki. Kisha akafunga kifuniko akamkabidhi binti yake chupa. “Iweke juu ya kabati. Juu kabisa, nisikofika.”

Jumatano tarehe 11 Mei Mkuu wa Maabara alikuja kutoa pole. Alikaa na wafiwa, akanywa chai, na baada ya muda ambao heshima inautaka, mjane mwenyewe akamwambia aache kujikaza, aende chumba cha nyuma. Alipima tone juu ya cherehani. Alihesabu mara tatu.

“Kumi na mmoja,” akasema.

“Kumi na mmoja katika mia?”

“Ndiyo, Mama. Na wameanza kutuama.”

“Kumi na mmoja ni wengi?”

“Sijui. Ni wengi kuliko watatu.”

“Watafika kwa ajili ya tangi?”

“Hilo nalo sijui. Zimebaki wiki tano na siku chache.”

Mjane alifikiri. “Lakini niambie kitu kimoja, mwanangu, wewe uliyesoma. Nilipowapa waliondoka. Nimewanyima wanarudi. Sawa, umenieleza, wenye akiba wanavuka. Lakini nani anamwambia asiye na kichwa kwamba sasa weka, sasa toa, sasa vyote viwili? Nani anampigia hesabu?”

“Nimelisomea swali hilo karibu miaka thelathini,” Mkuu akasema.

“Na?”

“Naliuliza vizuri zaidi kuliko nilivyoanza.”

Wakacheka wote wawili, na waliokuwa sebuleni wakatazamana, hawajui kama ni sawa kucheka kwenye nyumba yenye msiba. Hakuna aliyewajibu, kwa hiyo bado hawajui.

Marehemu anazikwa leo Ijumaa tarehe 13 Mei 2016, akiwa na umri wa miaka sitini na minane kwa hesabu ya mama yake. Ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu: fundi wa kuchomelea, dereva wa malori na mwalimu, wajukuu saba, kitukuu mmoja wa wiki sita, na mtungi mmoja wa lita tano ambao wakazi wake hawajawahi kuhesabiwa wote. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, wafanyakazi wenzake wa mitambo, na majirani, pamoja na yule mwenye kasuku, ambaye anaombwa radhi kwa habari ya paka. Mazishi yakiisha watu wote wanakaribishwa nyumbani kwa chai. Chumba cha nyuma kiko wazi kwa anayetaka kutazama, ila atakayeshikwa na huruma humo ndani atoke haraka, aje ale mkate.

Aliondoka bila kuona kama wamerudi. Mjane wake hana la kumwambia kuhusu tarehe 20 Juni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hataki kulitunga. Anachoweza ni kuahidi mbele ya jeneza hili na mbele yenu nyote kwamba hatawaongeza tone, wakilia wasilie.

Udongo na umpokee kwa upole, Baba Watoto. Alale, apumzike, asiwaamkie tena.